Shingo ya Farasi wa Theluji

Jumanne, 17 Januari

Ulikuwa wapi, Angustias, wewe mwanamke? Miaka miwili na miezi miwili. Kwenye ukurasa wa mwisho umeandika: "Leo tumemzika Baldomero. Mvua. Viatu vimelowa." Halafu kimya, kama vile aliyezikwa ni wewe. Daftari limelala kwenye droo ya vijiko hadi limenuka kitunguu saumu. Na usijitetee kwamba hukuwa na muda. Muda wa kugombana na kijiji kizima cha Almojara ulikuwa nao.

Haya. Umerudi. Kaa uandike.

Nimelitoa kwa ajili ya mjukuu wangu, Candela. Kaja asubuhi na buti zake zenye matope, kakaa kwenye kiti cha babu yake, Baldomero, bila kuomba ruhusa. Akasema, "Bibi, Farasi mwaka huu kakonda."

Nimechungulia dirishani. Kweli. Lile baka la theluji ubavuni mwa mlima, tunaloliita Farasi tangu nyanya yangu akiwa msichana — kichwa, shingo, mgongo, vyote — mwaka huu mbavu zinahesabika. Nimemwambia theluji yenyewe inakuja Februari, anywe supu.

Ameinywa. Hakuniamini.

Tangu babu yake afe, yeye ndiye mlinzi wa mfereji. Wanaume walipoulizwa walitazama viatu vyao. Candela akasema, mimi. Sasa kila masika ni yeye anayeyapanda maji: theluji inapoyeyuka anayakamata kule juu korongoni kabla hayajakimbilia mtoni, anayapitisha kwenye mfereji wa udongo ubavuni mwa mlima, anayaachia mahali ardhi inapomeza. Mlima unameza. Unayatembeza ndani kwa ndani, taratibu, na miezi mitatu baadaye yanatoka kwenye chemchemi yetu, midomo mitatu, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu. Wamori, Waislamu wa kale wa huku, walitufundisha kabla hatujawafukuza. Shukrani yetu.

Nina miaka themanini na minne. Sijawahi kuiona chemchemi ile imekauka. Wala mama yangu.


Alhamisi, 9 Februari

Tumegombana.

Candela anasema juu kwenye kibanda cha wachungaji kuna joto la Aprili. Maji yameanza kutiririka korongoni mchana. Anasema shingo ya Farasi inapungua kila siku. Anataka mfereji usafishwe wiki hii na lango lifunguliwe kabla mwezi haujaisha.

Nikamwambia mfereji hufunguliwa baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, Machi kumi na tisa.

"Kwa nini, bibi?"

"Kwa sababu ndivyo."

"Hiyo si sababu."

"Ilimtosha babu yako miaka hamsini."

Akanitazama kama anavyotazama jiwe lililoziba mfereji, akipima pa kuingiza mtaimbo. Kisha akasema atalipeleka mkutanoni Jumapili. Nikasema lipeleke. Nikamfungia mkate na soseji ya damu kwenye kitambaa, kwa sababu hasira ni hasira na njaa ni njaa. Akachukua.

Mtoto huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Mama yake alimleta kutoka Barcelona akiwa na miaka mitano — kwa majira ya joto tu, alisema. Majira gani hayo, mpaka leo hayajaisha. Alipoanza shule alirudi kila jioni, akanikalisha mezani, penseli moja watu wawili. Alikuwa na miaka sita, mimi hamsini na tisa. Nikikosea herufi alinipiga kofi la vidole. Ndiyo shule yangu yote.


Jumapili, 12 Februari

Mkutano wa wenye maji, kwenye darasa la zamani. Watoto hakuna tena, viti vidogo vimebaki, na sisi wazee tumekaa magoti yakigusa kidevu.

Candela alisimama. Alisema vizuri, siwezi kukataa. Alisema mlima ni kama mtoto mchanga, hunyonya, haunyweshwi kwa ndoo. Theluji ikiyeyuka polepole mlima unanyonya. Lakini sasa theluji ni chache, inayeyuka mapema, na ikipigwa na mvua ya joto inaondoka yote kwa siku mbili, mbio hadi mtoni, mtoni hadi baharini, mlima hata haujafungua kinywa. Kwa hiyo tuwahi. Tukichelewa mwaka huu, mwezi wa sita tutajua.

Bwana Eladio, mwenyekiti, alikuna sikio. Alisema Februari wanaume wako kwenye mizeituni, tena jalidi litapasua udongo mbichi wa kingo. Si maneno ya kijinga. Watu wakawa wanatazamana. Wangeweza kuangukia upande wowote.

Hapo nikasimama mimi.

Nilisema: "Nimewapikia migas wasafishaji wa mfereji huu mara hamsini na tatu. Mkate, mafuta, kitunguu saumu, sufuria ile ile. Hata mara moja sijawasha moto kabla ya Mtakatifu Yosefu. Baldomero kapanda maji nusu karne na chemchemi haikuwahi kunyamaza. Wewe umepanda mara mbili. Kaa chini, mwanangu."

Watu walicheka. Frasquito mchungaji alicheka mpaka akakohoa.

Eladio akaomba mikono. Kumi na tisa upande wangu. Minne upande wake.

Candela hakukaa. Alibaki amesimama mpaka mambo mengine yote yalipokwisha, hadi habari za taa ya makaburini. Kisha akaja, akanishika mkono, akanirudisha nyumbani kwa sababu ngazi za mtaa wa juu zina utelezi. Mlangoni akanisawazishia skafu.

Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilipotaja jina la Baldomero mbele ya watu wote, na mikono ikanyanyuka, ilikuwa kama yupo.


Jumanne, 7 Machi

Mvua siku ya tatu. Mvua ya joto. Nimetoka bila koti, nikaona aibu kwa jinsi ilivyo tamu mwilini.

Inanyesha mpaka vileleni, Frasquito anasema. Juu ya theluji. Mto unanguruma mpaka vikombe vinagongana kabatini.

Candela alipanda jana peke yake na jembe. Mfereji umejaa mawe na majani ya michestnati, miti yetu ya njugu, ya tangu vuli, hata langoni hakufika. Kashuka na viganja vimechubuka, vinatoka damu. Nimemwosha kwa maji ya chumvi. Hakulia, mimi ndiye niliyeuma midomo.

Nikamfunga kwa kitambaa safi.


Alhamisi, 9 Machi

Mbingu imefunguka. Nimeenda dirishani.

Farasi hayupo.

Mlima mtupu, wa kahawia, kama mgongo wa punda.


Jumatatu, 20 Machi

Mtakatifu Yosefu ilikuwa jana. Leo tumesafisha, kama kawaida yetu.

Nimepika migas ya watu ishirini na watatu. Moto, sufuria, kila kitu mahali pake. Frasquito kanipandisha kwa gari lake mpaka kibandani, nimekaa kwenye jiwe langu. Wamefanya kazi nzuri. Mfereji ulikuwa mzuri kama kitanda cha bibi harusi, kingo zimepigwa jembe, mawe yamepangwa.

Candela akavuta ubao wa lango.

Ukatoka mkojo wa mzee. Ndicho kilichotoka. Kikajikokota hatua hamsini, kikalowesha udongo wa mfereji wenyewe, kikaishia hapo. Mahali pa kumezea hapakuona hata tone.

Eladio akasema Aprili italeta. Mwingine akasema, ndiyo, Aprili. Wakaja kula. Walikula vizuri, waliomba na divai. Candela alikaa kando anafuta jembe kwa nyasi, analifuta, analifuta, hata lilipokuwa safi.

Nilimpelekea sahani. Akasema, "Asante bibi, nimeshiba."

Hajawahi kukataa migas yangu. Hata siku ya mazishi.


Jumanne, 25 Aprili

Aprili haikuleta. Imeleta upepo wa jangwa kutoka ng'ambo ya bahari, vumbi jekundu, shuka zangu zilizoanikwa zimekuwa kama za mwuza nyama.

Eladio akiniona siku hizi anavuka upande wa pili. Nimemwita, "Bwana Eladio, mimi si tauni." Akasema ana haraka. Ana miaka sabini na sita, haraka ya kwenda wapi?


Jumamosi, 24 Juni

Mtakatifu Yohana. Alfajiri tumeenda kunawa uso chemchemini, wanawake wote, kama kila mwaka, ili tuwe wazuri. Tumebaki tisa. Uzuri wenyewe unaujua.

Mdomo wa kushoto unadondosha. Tone. Tone. Mwezi huu ndio huwa unamwagika mpaka unatulowesha viatu, kwa sababu ndipo maji ya masika yanafika baada ya safari yake ya ndani.

Candela aliingiza kidole mdomoni mwa jiwe, akakitoa, akakitazama.

"Maji ya Machi yangefika wiki hii," alisema. Si kwa hasira. Kama mtu anayesema basi limechelewa.

"Yako wapi?" Mjinga mmoja akauliza. Mjinga huyo ni mimi.

"Baharini, bibi. Tangu Machi."

Wengine wakanawa haraka haraka, wakaondoka.


Jumatano, 19 Julai

Mdomo wa kushoto umekufa. Wa kulia ulinyamaza wiki iliyopita. Umebaki wa katikati, mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo.

Lori la maji linakuja Jumatatu na Ijumaa. Maji yana ladha ya bomba. Shambani imebidi nichague: nyanya au maharagwe. Nimeyaacha maharagwe. Kila nikipita yananitazama na majani yamekunjwa kama viganja vya mwombaji. Maji ya kuoshea vyombo nampelekea mchestnati wa Baldomero, ndoo moja asubuhi, ndoo moja jioni. Mti ule hata hauhisi, kama kumpa ng'ombe kijiko cha uji.

Leo Frasquito kaja, kakaa ukingoni mwa birika la kufulia, fimbo katikati ya magoti. Nimemletea kahawa. Hakuigusa, na Frasquito akiacha kahawa ipoe ujue ana jiwe kifuani.

"Shemeji," akasema, "siku ile mkutanoni ulikosea."

"Na wewe ulinyanyua mkono upande wangu. Nilikuona."

"Nilinyanyua kwa sababu nakuogopa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Baldomero hakuwa akifungua kwa Mtakatifu Yosefu," alisema.

"Nimepika mimi, Frasquito. Mara hamsini na tatu. Unaniambia mimi?"

"Ulipika siku uliyoambiwa upike. Yeye alikuwa akimtazama Farasi. Kila asubuhi, kuanzia sikukuu ya Candelaria, mwanzo wa Februari. Shingo ikiwa nene, anasema bado. Ikibaki kama mkono wa mtoto, anasema haya, kesho kutwa. Basi. Baridi ilikuwa baridi ya kweli wakati ule, kwa hiyo kila mwaka ikaangukia baada ya Mtakatifu Yosefu. Wewe ukaishika siku. Yeye alishika shingo."

Nikasema ni uongo. Nikasema kama ni hivyo angeniambia, tumelala kitanda kimoja miaka hamsini na nane.

Frasquito akaizungusha kahawa kikombeni. "Mwaka aliozaliwa Candela," akasema. "Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa Barcelona. Nilienda kumwogesha mzazi na mtoto. Februari nzima na Machi karibu yote.

"Majira ya baridi yale yalikuwa mepesi. Shingo ilikatika mapema. Tulifungua tarehe ishirini na mbili Februari, mimi, yeye na marehemu Cecilio. Mikono ilitufa ganzi. Tulikula soseji baridi na mkate, kwa sababu mpishi hakuwepo."

Nakumbuka Juni ya mwaka ule. Nakumbuka vizuri sana. Nilienda chemchemini nikaona midomo mitatu inamwagika, nikamwambia mume wangu, "Unaona? Mtakatifu Yosefu hajawahi kutuangusha."

Akacheka. Akanibusu paji la uso. Hakunisahihisha.

Candela alilisema Januari, kwenye kiti chake, na Februari akalisema tena. Shingo inapungua. Babu alimfundisha yeye. Mimi alinifundisha siku ya kupika.


Jumamosi, 5 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria wa Theluji. Wamepandisha sanamu yake kileleni begani, kama kila mwaka, katikati ya mawe makavu. Sikwenda. Ningemwambia maneno.

Nilienda kwa Candela badala yake. Nimekuta masanduku.

Kapata kazi Granada, bustani ya kuoteshea miche. Anaanza Jumatatu. Kumwagilia maua ya watu, kwa bomba.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Frasquito kaniambia. Nilikosea. Nisamehe. Maneno matatu mafupi, hata mtoto wa darasa la kwanza anayaandika. Nilipofika nikasema: "Mbona hujala?" Nikampa chupa ya mafuta ya zeituni.

"Siondoki kwa sababu yako, bibi," alisema.

Afadhali angesema ni kwa sababu yangu. Ningejua pa kushika.

Nikamwuliza mfereji nani atauangalia. Akasema mfereji bila maji hauhitaji mlinzi, unahitaji padri. Kisha akakaa juu ya sanduku, akasema polepole, "Unajua siku ile kwa nini sikukaa chini? Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Frasquito alikuwa anajua. Wazee watatu pale walikuwa wanajua. Nilijiambia, nikikaa tu, imekwisha. Nikasimama mpaka habari za taa ya makaburini."

Nilifungua mdomo.

Nikasema, "Vaa skafu, Granada kuna upepo."

Agosti. Nimemwambia mtu avae skafu Agosti.


Jumanne, 29 Agosti

Saa nne asubuhi nilikuwa namenya viazi. Nikahisi kitu kimenitoka masikioni. Nikadhani nimekuwa kiziwi, umri umefika. Nikachukua mwiko nikagonga sufuria. Sufuria nikaisikia.

Ilikuwa chemchemi. Imenyamaza.

Nimezaliwa na sauti ile. Nimejifungua nayo, nimekesha na maiti nayo. Sikuwahi kujua kwamba ni sauti, nilidhani ndivyo dunia ilivyo.


Jumatano, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nimeosha kaburi la Baldomero kwa maji ya chupa ya dukani. Yaliyobaki nimeyanywa mimi.

Chestnati za mwaka huu ni maganda matupu, ukizichoma zinalia puu, ndani hewa. Nimemletea tano hivyo hivyo. Nimemwambia, kula, ndizo za mti wako. Kisha nimemgombeza. Nimemwambia, "Miaka hamsini na nane unaniacha niamini ni mtakatifu, kumbe ni theluji. Ulidhani sitaelewa? Kwa sababu sikwenda shule? Wewe nawe ulikwenda?"

Mjane wa kaburi la jirani akaanza kusali kwa sauti ili asinisikie.

Halafu nikawaza, labda hakuficha. Labda hakuwaza kwamba itakuja siku mambo hayo mawili yatatengana, siku na shingo. Alidhani yamefungwa nira moja milele. Nani asingedhani.

Candela hakuja. Alinitumia picha ya maua, yanang'aa, yamelowa.


Jumapili, 21 Januari

Theluji imeanguka, si nyingi. Farasi amerudi. Mwembamba, kama wa mtu maskini, lakini ana kichwa, ana shingo.

Leo mkutano. Nimeomba kusema. Nimesimama mahali alipokuwa amesimama Candela, nimeyasema yote, la Frasquito, la Barcelona, la soseji baridi. Nikasema mwaka jana nilimwaibisha mjukuu wangu mbele yenu kwa jambo nisilolijua, na nyinyi mlicheka. Mwaka huu tumtazame Farasi. Shingo ikibaki kama mkono wa mtoto, tufungue, hata ikiwa kesho. Frasquito akainuka, akasema ni kweli, na alipaswa kusema mapema.

Nikadhani nimewapata.

Eladio akakohoa. "Bi Angustias, tunakuheshimu. Lakini mwaka jana ulisimama hapa hapa ukatuambia nusu karne. Leo unatuambia vingine. Tukufuate Angustias yupi? Tena mlinzi wa mfereji hatuna. Kwa usalama, tungoje Mtakatifu Yosefu kama kawaida."

Kama kawaida. Maneno yangu mwenyewe, kanirudishia yakiwa bado na mate yangu.

Mikono kumi na minne. Wetu saba.

Hakuna aliyenishika mkono kwenye ngazi. Nimeshuka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto.


Ijumaa, 9 Februari

Naandika kwa haraka, mafuta yako motoni.

Tangu juzi upepo wa joto. Jana sikuvaa soksi. Redio imesema mvua Jumapili, mvua na si theluji, mpaka vileleni. Asubuhi hii nimesimama dirishani nimenyoosha mkono mbele, nikapima. Shingo ya Farasi ni kifundo cha mtoto wa miaka miwili. Si mkono. Kifundo.

Nimepiga simu kwa Candela. Aliitikia kwa sauti ya kazini, maji yanasikika nyuma yake, shaaa, shaaa.

"Bibi, kuna nini, umeanguka?"

"Sijaanguka. Nilikosea. Nilikuaibisha mbele ya watu na haki ilikuwa yako. Shingo imekaribia kukatika."

Maji yakaendelea, shaaa. Halafu akayafunga. Kimya kile kilinitisha kuliko kile cha Agosti.

"Bibi. Unalia?"

"Silii. Nakata kitunguu."

"Kwenye migas huweki kitunguu maji."

"Leo naweka."

Akauliza mkutano umesemaje. Nikamwambia. Akatukana neno ambalo sikumfundisha mimi. Akauliza, sasa? Nikasema sasa nakwenda mimi na Frasquito. Si mfereji wote, sina wazimu. Kutoka langoni mpaka pale pa kwanza pa kumezea ni hatua mia mbili. Tukitoa mawe ya hatua mia mbili leo na kesho, Jumapili mvua ikija mlima utapata hata kijiko.

"Frasquito ana goti bovu."

"Ana jingine."

"Bibi, usipande kule. Unanisikia? Kuna barafu kivulini. Utavunjika nyonga, nani atakushusha?"

"Basi njoo unishushe."

Akasema ana zamu mpaka kesho jioni. Akasema Eladio atatuitia polisi. Nikasema wapite hapa kwanza, wale migas. Akasema, "Bibi, subiri." Sijui subiri ya kungoja au subiri ya kunipigia tena, maana mtu akamwita jina lake huko, na simu ikakatika. Hiyo ilikuwa saa tatu. Sasa ni saa sita kasoro. Basi linalotoka Granada hupita barabara ya chini saa sita.

Migas imeiva. Mara ya kwanza maishani napika Februari. Mkono ulikuwa mzito kuwasha moto, nakiri, kama mtu anayeiba. Nimepakua sahani tatu. Mbili nimezifunga kwenye kitambaa, ziende mlimani. Ya tatu, ya Candela, iko mezani, imefunikwa sahani nyingine.

Buti za Baldomero zinanipwaya. Nimeweka karatasi ndani.

Frasquito anapiga honi. Anapiga tena, utadhani kaja kuchukua bibi harusi. Nakuja, mzee, nakuja.

Wewe sasa, Angustias, sikiliza kabla sijafunga. Utakapolifungua daftari hili tena, usianze na tarehe. Nenda kwanza dirishani umtazame Farasi. Kisha toka uweke kiganja chini ya mdomo wa katikati, uhesabu hadi mia, hata kama hakuna kitu, uhesabu. Andika ulichokiona. Ulichozoea usikiandike. Na uangalie ile sahani ya tatu. Ukikuta bado imefunikwa, iache hapo hapo, usiile wewe.